Tumbo Nje ya Fremu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza siku ileile tuliyoanza kazi. Nimeamua kuandika, maana nikikaa tu kusubiri ikatike nitagombana na watu, na kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeshagombana na wawili.

Kazi yenyewe ni hii: filamu moja, nyumba moja ya ghorofa ya kukodi, wiki nane. Mwanamke anakaa wiki nzima ndani ya nyumba ya mumewe akijishauri aondoke au abaki. Mwishoni anafungua geti, anaifuata barabara mpaka anapotea. Basi. Anayemwigiza ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Kwa miaka tisa amekuwa jirani anayebisha hodi, au nesi anayesema "daktari anakuja." Safari hii hadithi ni yake. Na mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kuwa mpiga picha mkuu, baada ya miaka sita ya kumbebea lenzi mzee mmoja ambaye sasa mgongo umemgomea. Sote wawili tunatembea kama waliovaa viatu vya kuazima.

Mwongozaji tunamwita Bwana Tena, kwa sababu neno lake ni hilo. Picha ikiwa mbaya, tena. Ikiwa nzuri, tena, tuone kama itazidi. Leo kaniambia: "Mimi naangalia waigizaji. Fremu nakuachia wewe. Jicho lako ndilo jicho langu." Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Tumekunywa chai na kuangaliana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeona kitu nisichotumwa kukiona.

Nilikuwa nimemweka wifi dirishani, picha ya mwili mzima, kutoka kisogoni mpaka visigino. Kila mara kabla Bwana Tena hajasema "anza," mkono wa wifi ulikwenda tumboni. Ukisikia "anza," unashuka. Mara ya kwanza nikadhani anarekebisha mkanda. Mara ya nne nikaacha kudhani.

Nilimfuata chumba cha kubadilishia nguo, nikafunga mlango.

"Wifi, una mimba?"

Hata hakushtuka. "Umeonaje?"

"Nimelipwa nione."

Akakaa juu ya sanduku la nguo. Mimba ndiyo imeingia mwezi wa tatu. Ajuaye ni kaka tu. Ile ya mwaka juzi walimwambia kila mtu, mama akafuma soksi za kichanga pea sita, kisha ikatoka, na pea sita zikabaki kabatini mwa mama. Safari hii hataki mtu aambiwe, mama hasa. Na Bwana Tena ndiyo kabisa. Mwaka jana, wanasema, mwigizaji wake alivunjika kifundo cha mguu asubuhi, mchana akawa ameshapatikana mwingine.

"Wewe ndiye unayeshika fremu," akaniambia. "Nikate."

"Nikukate wapi?"

"Popote ambapo tumbo halitakuwemo."

Nikakubali. Nisijifanye malaika kwenye daftari langu mwenyewe: wifi akiondolewa tunaanza upya, na tukianza upya mgongo wa mzee utakuwa umepona, naye atarudi kwenye kamera yake na mimi kwenye kubeba lenzi. Nilikubali kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia, na sijui nani alizidi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejifunza tumbo kama mtu anavyojifunza njia ya kwenda kazini. Kwa mbele, taa ikimpiga usoni moja kwa moja, halipo. Ubavuni lipo lote. Kamera ikiwa chini ikimtazama kwa juu ni hatari, maana tumbo linatangulia kufika kuliko uso. Kamera ikiwa juu ni salama. Kichwa na mabega vinalifunika. Ubaya wake, ukimpiga mtu picha kutoka juu anaonekana mdogo, ameonewa, na mwanamke wa hadithi hii si wa kuonewa. Kwa hiyo nampitisha nyuma ya viti, nyuma ya meza, nyuma ya mlango wa friji.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Bwana Tena anapima veranda kwa hatua, kwenda na kurudi. Mimi nahesabu wiki, za kwake na za wifi.

Ijumaa, 21 Machi

Fremu ilianza kwa kumwonyesha mpaka miguuni, sasa inamkatia kiunoni. Leo mwongozaji alikaa na kuangalia picha zote tangu siku ya kwanza. Nikasimama nyuma yake.

"Unasogea," akasema.

"Ninasogea wapi?"

"Kila siku uko karibu zaidi. Umeanza mbali, sasa unambana. Nyumba inamlia hewa." Akageuka, macho yanang'aa. "Sikukwambia ufanye hivyo. Endelea."

Nimekuwa fundi kwa udanganyifu. Wifi aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka, ila Masikio, mtu wetu wa sauti, alikuwa amekaa pale na vifaa vyake kichwani akinitazama kwa tabasamu nisilolipenda. Mtu yule ana mdomo. Siku ya pili tu ya kazi alitangaza kwamba dereva anakoroma. Nimemwambia wifi awe macho naye.

Ijumaa, 28 Machi

Gauni la bluu, lile la kutokea getini, halifungiki. Mama wa mavazi akalitazama, akasema kitambaa cha aina hii kikipata unyevu kinanywea, mvua zote hizi. Akalifumua ubavuni na kulitanua kwa sindano palepale. Bahati iliyoje.

Jumatano, 2 Aprili

Leo ilikuwa siku ya geti. Picha ya mwisho, ya mbali kuliko zote: barabara nzima, yeye peke yake, kichwa mpaka nyayo. Hiyo hakuna pa kukata. Nilitaka tuimalize mapema kabla tumbo halijawa neno. Mvua ikanyesha kuanzia alfajiri. Imesogezwa tarehe tisa.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Imesogezwa tarehe kumi na sita.

Jumapili, 13 Aprili

Nilikwenda kwa mama. Ananiuliza huku akikunja nguo: "Wifi yako anakula vizuri huko kazini?"

"Anakula."

"Sauti yake kwenye simu imechoka."

"Kazi tu, mama."

Akakunja shuka ileile mara mbili. Nimemdanganya mama yangu machoni, na sikupepesa. Kazi hii inakufundisha kutopepesa.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua! Nimepiga teke stendi ya kamera. Kimevunjika kidole. Changu.

Jumanne, 22 Aprili

Tuko usoni sasa. Nimempiga picha macho, mdomo, sikio na hereni. Leo uvumilivu wa Bwana Tena umekwisha.

"Miguu ya huyu mwanamke iko wapi? Nimeshasahau kama anayo."

"Ulisema nimbane."

"Nilisema umbane, sikusema ummeze."

Kesho anataka ngazi, na anataka mwili. Mwanamke anapanda ngazi za nyumba hiyo kwa mara ya mwisho. Alitaka kamera iwe chini kabisa, imtazame akipanda. Nikasema: hapana, tukae juu, ngazi ziwe ndefu chini yake, na apande na kitu mkononi, kapu la nguo mbichi, tuone uzito wa nyumba. Akafumba macho, akaiona. "Kapu," akasema. "Vizuri sana." Kapu alibebe mbele ya tumbo, lilifiche. Nilirudi nyumbani nikijisifu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nitaandika yote yaliyotokea jana.

Ngazi zile ni kumi na saba. Kapu tulilijaza shuka zilizolowa kweli, kwa sababu Bwana Tena hataki mtu aigize uzito. Mara ya kwanza wifi alipanda haraka mno. Mara ya pili taa iliyumba. Mara ya tatu mume wa kwenye hadithi alipiga chafya nyuma ya mlango. Mara ya nne ikawa nzuri. Nasema nzuri kweli. Alipofika ngazi ya kumi alihamishia kapu kwenye nyonga kama mwanamke yeyote aliyechoka afanyavyo, akashusha pumzi, akaendelea. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mwongozaji hakusema "tena." Alisema, "Nzuri. Hiyo hapo."

Ila mimi nilikuwa nimeona. Kapu lilipokwenda nyongani, tumbo lilibaki wazi. Sekunde mbili, labda chini ya hapo. Nikasema, "Samahani, haikushika vizuri. Ilikuwa na ukungu. Naomba tena."

Haikuwa na ukungu.

Tukarudia. Nikamnong'oneza wifi asilihamishe kapu, alishike mbele mpaka juu. Akajaribu. Mikono ikamchoka, kapu likashuka, tumbo likaonekana. Naomba tena. Mara ya saba. Mara ya nane. Kufikia mara ya tisa alikuwa anapanda akiwa ameuma mdomo, na mwongozaji akanong'ona, "Tazama uso ule," akidhani ni uigizaji. Mimi nilijua si uigizaji. Nilijua, nikasema naomba tena.

Mara ya kumi na moja, ngazi ya kumi na mbili, alikaa. Hakuanguka. Aliweka kapu chini taratibu, akakaa kando yake, akanitazama. Si mwongozaji, mimi. Moja kwa moja ndani ya lenzi, kitu ambacho mwigizaji hafanyi kamwe.

Aliyekimbia kwanza ni Masikio. Alivua vile vya kichwani akavitupa, akaruka ngazi tatu tatu akipiga kelele: "Zimeni! Zimeni kila kitu! Yule ana mimba, pumzi ile si ya kuigiza!" Mama wa mavazi akamfuata na mfuko uliokwisha kupangwa: shuka safi, khanga mbili, ndala, maji. Mfuko ulikuwa tayari chini ya meza yake, sijui tangu lini. Gauni la ndani lilikuwa na damu. Bwana Tena alimbeba wifi mwenyewe mpaka garini, akaendesha mwenyewe.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la ukutani. Masikio akaniambia bila kunitazama: "Tangu wiki ya kwanza nasikia akitapika. Kile kimaiki cha kifuani anasahau kukizima. Nikawa nakizima mwenyewe huku kwangu, asije akasikia mwingine." Mwezi na nusu. Na mimi nilimwita mwenye mdomo.

Mama wa mavazi akasema, "Kitambaa kile hakinywei hata ukikichemsha."

Kila mtu alikuwa ameificha siri ya wifi, kila mmoja kivyake, na sote tulimficha mtu mmoja, Bwana Tena. Naye alikuwa amesimama mbele ya mlango wa wodi, amevua kofia.

Daktari akatoka. Mtoto yuko hai. Mama yake atalala kitandani, alale kweli, mpaka ajifungue. Kila wiki itakayopita ni faida.

Bwana Tena akakaa kando yangu. "Ungeniambia," akasema, "ningetoa shuka ndani ya kapu. Ningeweka boksi tupu."

"Ungemfukuza."

Akafikiri. Nilitaka akatae kwa hasira. Hakukataa.

"Labda," akasema. "Kama ungeniambia mwanzoni, labda ningemfukuza. Sasa hatutajua." Kisha: "Ile ya nne ilikuwa na ukungu?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, akaondoka.

Jumanne, 29 Aprili

Hakuna kazi. Mvua inanyesha kama kazi ipo.

Kaka alipiga simu akiwa njiani kwenda kazini. Hakunipandishia sauti, na heri angepandisha. "Dada, wewe siku nzima ulikuwa unamtazama. Siku nzima. Ulikuwa unaona nini?" Nilikuwa naona pembeni mwa fremu, kama tumbo limeingia au halijaingia.

Mama hasemi nami. Amehamia kwa kaka kumuuguza mkwewe. Nikifika anapokea matunda, anayaosha, anampelekea mgonjwa. Salamu yangu inaishia mlangoni.

Jumamosi, 3 Mei

Nilimwomba wifi msamaha. Amelala kwa ubavu, mto katikati ya magoti.

"Mimi ndiye niliyesema nikate," akasema.

"Kapu lilikuwa la kwangu."

"Ndiyo," akasema. "Kapu lilikuwa la kwako." Hakuliondoa neno lile wala hakuliongeza. Kisha akauliza: "Geti watampa nani?"

Hapo ndipo nilipomwona analia. Siku ile ya damu hakulia.

Jumanne, 6 Mei

Bwana Tena alikuja nyumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kiti. Kila kitu kimekamilika isipokuwa geti. Wenye pesa wanataka mwigizaji mwingine na wiki tatu za kurudia. Yeye amekataa. "Picha hiyo ni ya mbali. Mgongo tu, gauni la bluu. Kwa umbali ule hakuna mtu anayemjua mtu. Nahitaji mwili wa kimo chake."

"Umeshampata?"

"Mama wa mavazi kapima watu wote. Ni wewe."

"Na kamera?"

"Kabla sijawa Bwana Tena nilikuwa mpiga picha," akasema. Sikujua kama analijua jina lile.

Jumatano, 14 Mei

Mvua.

Jumatano, 21 Mei

Leo saa tatu mawingu yalipasuka. Tukakimbia.

Mama wa mavazi alinivika gauni. Lilikuwa pana kiunoni. Akahesabu kwa kidole mishono aliyoifumua tangu Machi, mitano, kisha akanibana kwa pini. Nikasimama nyuma ya geti. Miaka sita nimewaambia watu "simama hapo, geuka kidogo, usiangalie lenzi," na sikuwahi kujua mtu anavyojisikia hapo. Unajisikia uchi. Unasahau mikono huwekwa wapi. Yangu ilikwenda tumboni yenyewe, ambapo hamna kitu.

"Anza!"

Nikafungua geti, nikatembea. Barabara ilikuwa na madimbwi. Nilitaka kutembea kama yeye, polepole, kisigino kwanza, na nikashindwa kukumbuka. Miezi miwili nimemtazama na sikumbuki anavyotembea, kwa sababu miguu nilikuwa nimeikata. Nikatembea tu. Nilimfikiria amelala kwa ubavu akihesabu wiki. Nikafika nguzo ya umeme, nikaipita, kwenye kona nikasimama. Nilisubiri asikike akisema "tena." Niliomba aseme "tena." Nilikuwa tayari kuitembea mara kumi na moja.

"Kata!" Kisha, kwa mbali: "Nzuri. Hiyo hapo."

Saa saba mvua ikarudi.

Jumamosi, 7 Juni

Mhariri kamaliza mkato wa kwanza. Bwana Tena kauleta mwenyewe kwa kaka, ndani ya kompyuta, ili wifi auone kabla ya mtu yeyote. Daktari juzi kasema mtoto anaendelea vizuri, na mimba imeingia mwezi wa sita. Tulikaa chumbani: wifi kitandani, kaka miguuni mwake, mimi dirishani, mama kwenye kiti na miwani yake, Bwana Tena kando ya kompyuta.

Filamu inasogea. Kila siku karibu zaidi, mpaka unataka kufungua dirisha. Kisha ngazi. Wametumia ya nne. Ngazi ya kumi, kapu likahamia nyongani, na tumbo likawa pale, wazi, sekunde mbili. Nikamtazama Bwana Tena. Alikuwa anatazama skrini. Wifi akasema taratibu, "Huyo hapo," akaweka mkono juu ya shuka. Tumbo lile nililolificha miezi miwili lingepita bila kumsumbua mtu.

Mwisho ukaja geti. Barabara nzima, madimbwi, na kitu kidogo cha bluu kinakwenda. Mimi mwenyewe nisingejijua. Kaka akasema kwa sauti nzito, "Umetembea vizuri, mke wangu," kisha akakumbuka si mkewe aliyetembea. Wifi akacheka na kujifuta macho kwa wakati mmoja.

"Huyo si yeye," akasema mama.

"Ndiyo, mama, tulikwambia wameweka mtu," akasema kaka.

"Hamkuniambia nani." Alisogeza uso karibu na skrini, pale nilipokuwa sizidi punje ya mchele. "Huyo ni huyu." Akaninyooshea kidole bila kugeuka. "Bega la kushoto limeshuka. Limeshuka tangu aanze kubeba hizo kamera. Miaka yote nasema, hasikii."

Yule wa bluu akafika kwenye nguzo ya umeme.

"Na amekonda," akasema mama.

Ni maneno yake ya kwanza juu yangu tangu tarehe ishirini na tatu Aprili. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akageuza kiti chake kidogo, na kwa mara ya kwanza akanitazama.

"Sogea huku," akasema. "Huko dirishani sikuoni vizuri."